Uamsho Uliorudisha Vitu vya Watu

Mwaka 1929, huko Namirembe, Uganda, Simeoni Nsibambi na Daktari Joe Church walisoma Biblia pamoja na kuomba. Uamsho ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, ukafika kwetu Kenya mwaka 1937. Sisi wachungaji hupenda kuhesabu waliookoka; majirani walitazama vilivyorudishwa. Mtumishi alimrudishia bwana wake alichoiba. Mume alimwomba mkewe msamaha, na hilo, twadhani, ni gumu kuliko kurudisha shilingi. Wamisionari nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa Ugikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa na bunduki za serikali, kwa kuwa pande zote mbili walikuwamo jirani zao. Wengine waliuawa.