MBALAMWEZI — Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Masatu alimpa Neema namba mpya ya simu. "Hii ni yangu mwenyewe. Ukizidiwa, nibipu tu. Nitakuja."

SASA ENDELEA...

Kirumba, mwezi ukipevuka, mwaloni hulala. Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitanda ziwani, hawaifuati taa tena. Mitumbwi hupandishwa mchangani, wavuvi hurudi majumbani mikono mitupu. Kwa akina Neema, hizo ndizo siku za baba wa kambo kushinda na gongo, na za mama kujifunga mtandio hadi jikoni ili shingo isionekane.

Masatu ndiye pekee aliyelijua hilo. Walikaa dawati moja, kidato cha nne. Daftari la Baiolojia la Neema lilipochanwa likawashiwa moto, yeye alikesha akimnakilia jipya, michoro na yote. Hakuwahi kumshika hata mkono. Siku moja tu, kwenye chanja za dagaa, alimwambia akitazama chini: "Ukicheka asubuhi, mimi siku hiyo nasoma vizuri." Neema aliyabeba maneno hayo nyumbani, akalala nayo.

Usiku huu baba alikuwa na mgeni. Neema alikuwa uani akisugua sufuria.

"Mtoto wa shule ni miaka 30 jela, Mzee Bwire. Sitaki kesi."

"Mtihani ni Novemba. Akishaweka kalamu chini, si mwanafunzi tena. Wewe nifutie lile deni la injini, tumemaliza."

"Na mama yake anasemaje?"

Kimya. Kisha sauti ya mama, kavu: "Nimeshakubali. Ila asijue kabla ya mtihani."

Sufuria ilimponyoka Neema, akaidaka kabla haijalia. Mama! Mama aliyeuza kitenge chake cha harusi amnunulie sare!

Simu ndogo ya mama ilikuwa juu ya ndoo. Kubipu hakuhitaji sauti. Aliichukua, akachutama ukutani, akabonyeza namba aliyokwisha kuikariri.

Ikaita.

Ikalia sebuleni.

Neema akakata. Sebuleni nako kukanyamaza.

"Nani anakubipu usiku wote huu?" baba aliuliza.

"Simu si yangu. Nimemnyang'anya mdogo wangu jioni hii, siku hizi haachi kuichezea." Kiti kilikwaruza sakafu. "Hebu nimpigie huyo, tumjue."

Simu ya mama ikaanza kulia mkononi mwa Neema.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO