Uzalendo na Tofauti Zake Baina ya Mataifa

Uzalendo, yaani mahaba ya mtu kwa nchi yake, haudhihirishwi kwa namna moja duniani. Nchini Marekani, wanafunzi aghalabu huianza siku kwa kusimama, mkono wa kulia kifuani, wakiikabili bendera na kuiapia utii. Walakini Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ya kwamba hapana mwanafunzi awezaye kushurutishwa kuapa, nayo ni hukumu adhimu mno. Ujerumani, kwa sababu ya dhuluma za utawala wa Hitler, raia wengi waliona haya kutundika bendera majumbani mwao kwa miongo mingi baada ya 1945, hata Kombe la Dunia la 2006 lilipoyajaza mabarabara rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu.