Kutoka Kiolezo hadi Kidhibiti: Safari ya Thamani Ndani ya Ukurasa wa Wavuti

Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, mtaalamu wa kompyuta kutoka Norwei, alikuwa mgeni katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Huko ndiko alikoandika wazo la kugawa programu katika sehemu tatu: modeli inayotunza taarifa, mwonekano unaozionyesha, na kidhibiti kinachopokea maagizo ya mtumiaji. Zote tatu ziliishi ndani ya mashine moja. Kidhibiti kilipotaka kujua jambo kilimwuliza jirani yake tu.

Wavuti ndio uliowatenganisha majirani hao. Seva hutengeneza ukurasa kwa kiolezo, yaani ukurasa wenye nafasi tupu zinazojazwa jina, lugha au bei. Kisha huutuma kwa kivinjari cha msomaji na kusahau. Ombi la pili likija, seva haikumbuki la kwanza. Ilibidi kumbukumbu iwekwe mahali, na mahali pa karibu palikuwa ukurasa wenyewe. HTML 2.0, iliyochapishwa Novemba 1995, iliruhusu fomu kuwa na sehemu zisizoonekana kwenye skrini. Kiolezo kiliandika thamani humo, msomaji akabonyeza kitufe, thamani ikarudi kwa kidhibiti kilichokuwa kwenye seva.

Hilo neno “zisizoonekana” liliwaponza wengi. Baadhi ya maduka ya mtandaoni yaliandika humo hata bei ya bidhaa. Mnunuzi mjanja alihifadhi ukurasa kwenye kompyuta yake, akaubadilisha kwa programu ya kawaida ya kuandikia, dola 200 zikawa 2, akatuma fomu. Duka likakubali! Mwaka 2000 kampuni ya Internet Security Systems ilitoa tahadhari kuhusu programu kadhaa za maduka zenye udhaifu huo. Ni sawa na mwenye duka kumpa mteja karatasi ya bei pamoja na penseli, kisha kumwambia aipeleke mwenyewe kwa mtunza fedha. Wapo walioilaumu lugha ya HTML. Mimi naona lawama si yake, kwani haikuahidi popote kwamba kisichoonekana hakiguswi.

Baadaye kidhibiti chenyewe kilihama. Katika AngularJS, mradi ulioanzishwa na Miško Hevery na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2012, kidhibiti hufanya kazi ndani ya kivinjari. Sasa thamani haikuhitaji tena kurudi kwenye seva, lakini iliibuka shida ndogo yenye kuudhi: namna ya kumwambia kidhibiti mipangilio ambayo seva pekee inaijua, kama vile lugha ya mtumiaji au idadi ya safu za jedwali. Wengi walikimbilia agizo la ng-init, linaloandikwa moja kwa moja kwenye kiolezo. Lilivutia kwa ufupi wake. Ila likiwekwa kwenye elementi ileile yenye kidhibiti, kidhibiti huanza kazi kwanza na ng-init hufuata, hivyo kidhibiti kinachosoma thamani mapema hukuta patupu. Waandishi wa AngularJS wenyewe walionya katika maelezo yao kwamba agizo hilo lisitumiwe ovyo.

Njia nyingine ilikuwa sifa zinazoanza na data-, zilizoingizwa katika kiwango cha HTML5 kilichokamilishwa Oktoba 2014. Hizi hubeba maandishi tu: namba 20 hufika kama neno “20”, na kidhibiti lazima kiigeuze kabla ya kujumlisha. Kwa mipangilio mingi, watu walipendelea kuandika fungu zima la JSON ndani ya elementi ya script. Hapo napo pana mtego. Jina la mtumiaji likibeba alama za kufunga script, kivinjari huufunga papo hapo, hata kama alama hizo zimo ndani ya nukuu, na maneno yanayofuata yanaweza kusomwa kama sehemu ya ukurasa. Ndiyo maana alama ya < huandikwa \u003c kabla ya kutumwa.

Msaada rasmi wa AngularJS ulifika mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Mbinu hizi nyingine zote bado zinatumika, na msomaji yeyote anayechagua “onyesha chanzo cha ukurasa” katika kivinjari chake ataikuta mipangilio hiyo, wazi kabisa.