Kilimia na Mwanzo wa Mwaka Katika Polinesia

Nyota ambazo Waswahili huziita Kilimia ziliongoza kalenda za Hawaii na za Wamaori wa Nyuzilandi, ila kwa njia tofauti. Huko Hawaii, kuchomoza kwake baada ya machweo, mnamo Novemba, kulifungua Makahiki, msimu wa takribani miezi minne ambamo kodi ilikusanywa na vita vilikatazwa. Wamaori walikisubiri Kilimia, kwao Matariki, wakati wa alfajiri, Juni au Julai. Tena baadhi ya makabila ya magharibi yaliitazamia Puanga, yaani Rijili, nyota ya kundi la Jabari. Kwa hiyo mtafiti anayezungumzia kalenda moja ya Polinesia anakosea. Sheria ya mwaka 2022, iliyoifanya Matariki sikukuu ya taifa zima, huenda ikaifunika zaidi tofauti hiyo.