Kesi ya pili ya Bemba: mashahidi 14, simu za gerezani na utetezi uliokwama

Kila mara jina la Jean-Pierre Bemba linapotajwa redioni, swali moja linarudi: kama CPI ilimwachilia, kwa nini mwaka 2018 alikatazwa kugombea urais? Wengine wanajibu kwamba ni siasa tu. Wengine wanasema hakuachiliwa kweli. Ukweli ni kwamba huko La Haye kulikuwa na kesi mbili. Ile kubwa alishinda. Ile ndogo, ambayo watu wengi hapa kwetu hawakuifuatilia, alishindwa, yeye pamoja na mawakili wake.

Tuanze na ile kubwa, kwa ufupi. Mwishoni mwa 2002 askari wa MLC walivuka mto Oubangui kwenda kumsaidia rais wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Ange-Félix Patassé, aliyekuwa anapigwa na watu wa François Bozizé. Wenyeji wa Bangui waliwaita askari hao Banyamulenge, ingawa wengi wao hawakuwa hao kabisa. Waliua, walibaka, walipora. Bemba alikamatwa karibu na mji wa Bruxelles tarehe 24 mwezi wa tano 2008, na kesi yake ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka 2010. Wahanga 5,229 walikubaliwa kushiriki.

Upande wa utetezi ulianza kuleta mashahidi wake mwezi wa nane 2012. Walikuwa 34. Kazi ya kuwatafuta, kuwahoji na kuwaandaa ilikuwa mikononi mwa avoka Aimé Kilolo Musamba, akisaidiwa na Jean-Jacques Mangenda, aliyeshughulikia mafaili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilipata habari kutoka kwa mtu asiyejitaja jina kwamba mashahidi wa utetezi wanalipwa. Ikaanza kufuatilia pesa zilizotumwa kwa Western Union. Baadaye jaji Cuno Tarfusser aliruhusu mazungumzo ya simu ya mawakili hao yachunguzwe, na wakuu wa Uholanzi na Ubelgiji wakasikiliza simu zao. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 2013 hati ya kukamata ilitolewa. Siku chache baadaye Kilolo alikamatwa Ubelgiji, Mangenda Uholanzi, mbunge Fidèle Babala Wandu wa MLC akakamatwa Kinshasa, na Narcisse Arido, Mwafrika ya Kati, akakamatwa Ufaransa. Bemba mwenyewe alikuwa tayari gerezani; alisomewa mashtaka mapya palepale.

Mashtaka yenyewe yanatoka katika kifungu cha 70 cha mkataba wa Roma, kinachoadhibu makosa dhidi ya kazi ya haki: kusema uongo mbele ya majaji, kuleta ushahidi unaojua ni wa uongo, kununua shahidi au kumtisha. Adhabu haipiti miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa CPI kupeleka kesi ya namna hii mpaka hukumu, na kati ya waliosimama kizimbani walikuwamo mawakili. Hilo liliwashtua mawakili wengi, hata wale wasiompenda Bemba. Wakili akiogopa kwamba simu yake inasikilizwa, atamteteaje mteja wake?

Utetezi wa kwanza ulikuwa huohuo: siri ya kazi. Mazungumzo kati ya mtu na wakili wake hayaguswi. Ndiyo maana katika gereza la La Haye simu za kawaida zinarekodiwa, lakini laini ya wakili haisikilizwi. Majaji hawakukataa kanuni hiyo. Walisema inamlinda mtu anayetafuta msaada wa sheria, haimlindi anayeitumia kupanga kosa. Na ilionekana kwamba laini hiyo ya siri ilitumika kwa namna nyingine: Kilolo alikuwa anamuunganisha Bemba na watu wengine katika simu moja, watu ambao hawakuwa na haki ya kuzungumza naye bila kurekodiwa. Zaidi ya hapo, wakili mwingine asiye wa upande wowote alipewa kazi ya kuchuja mazungumzo kabla hayajamfikia mwendesha mashtaka.

Utetezi wa pili ulihusu zile karatasi za Western Union, ambazo zilitoka Austria. Mawakili walisema zilichukuliwa bila kufuata sheria ya huko, na mahakama za Austria zenyewe ziliwapa haki. Mtu angefikiri hapo kesi inakufa. Haikufa. Majaji wa La Haye waliona kweli haki ya faragha iliguswa, lakini kosa hilo halikufanya karatasi zisiaminike, wala halikuharibu heshima ya kesi kiasi cha kuzitupa. Kwa maoni yangu hapa ndipo utetezi ulikuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote, na ndipo uliposikilizwa bila kupewa kitu.

Utetezi wa tatu ndio unaotugusa sisi tunaokaa karibu na vita, maana siku yoyote unaweza kuombwa uwe shahidi. Kilolo alisema pesa zile zilikuwa za usafiri, chakula na matumizi madogo ya watu aliokutana nao. Alisema pia kumwandaa shahidi ni kazi ya kila wakili. Yote mawili ni kweli kwa jumla. Kumrudishia shahidi pesa ya gari si kosa. Kumkumbusha maelezo aliyowahi kutoa si kosa. Mjini La Haye, hata hivyo, kuna kitengo cha kuhudumia mashahidi, na kikishampokea shahidi, mawasiliano na wakili hukatwa mpaka amalize kusema. Majaji waliona kwamba Kilolo aliwapa baadhi ya mashahidi simu nyingine ili kuendelea kuzungumza nao wakati huo, mara nyingine usiku wa kuamkia ushahidi wenyewe. Na pesa zilifika siku chache tu kabla ya shahidi kuingia.

Halafu kulikuwa na lugha ya mafumbo. Kuandaa shahidi kinyume cha sheria kuliitwa kutia rangi. Kumpa pesa kulizungumzwa kama kumpa sukari. Mtu anayerudisha pesa ya basi haitaji mafumbo, na hoja hiyo mawakili hawakuweza kuizunguka.

Kitu kinachoshangaza katika hukumu hii ni udogo wa uongo wenyewe. Majaji hawakupima kama mashahidi walidanganya juu ya vita vya Bangui, nani alitoa amri, nani alikuwa wapi. Walipima mambo matatu tu: kama shahidi alilipwa, mara ngapi alizungumza na utetezi, na kama anawajua watu fulani. Mashahidi 14 walifundishwa kukana mambo hayo. Kama wangesema wazi, ndiyo, nilipewa pesa kidogo na wakili alinipigia mara nyingi, pengine majaji wangekunja uso tu, na mwendesha mashtaka angewauliza maswali makali. Kule kukana ndiko kulikogeuka kosa la jinai.

Sehemu ya Arido ilikuwa tofauti kidogo. Yeye alipatikana na hatia kwa ajili ya mashahidi wanne walioelekezwa kujiita askari wa jeshi la Afrika ya Kati, huku wakiahidiwa pesa na maisha ya Ulaya. Aliyeishi kambini anaelewa haraka kwa nini mtu anakubali ahadi kama hiyo.

Babala, kwa upande wake, alijitetea kwamba alikuwa rafiki na mtu wa kutuma pesa tu, bila kujua zinakwenda kufanya nini. Utetezi huo ulifanya kazi kwa sehemu kubwa: kwa mashahidi 12 aliondolewa hatia, kwa wawili tu akapatikana nayo.

Hukumu ilisomwa tarehe 19 mwezi wa kumi 2016 na jaji Bertram Schmitt. Wote watano walipatikana na hatia. Adhabu ikatoka mwezi wa tatu 2017: Bemba mwaka mmoja na faini ya Euro 300,000, Kilolo miaka miwili na nusu iliyosimamishwa, na faini ya Euro 30,000, Mangenda miaka miwili iliyosimamishwa, Arido miezi 11, Babala miezi sita.

Kwenye rufaa, tarehe 8 mwezi wa tatu 2018, utetezi ulipata ushindi mdogo. Majaji walisema shtaka la kuleta ushahidi wa uongo halihusu kumwita shahidi wa mdomo, linahusu vitu kama hati. Bemba, Kilolo na Mangenda wakaondolewa shtaka hilo. Mengine yakabaki. Lakini rufaa hiyo ilikuwa na upande wa pili: majaji walisema CPI haina mamlaka ya kusimamisha kifungo. Adhabu za wale watatu zikarudishwa zipangwe upya.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 mwezi wa sita, kesi kubwa ikaanguka. Majaji watatu kati ya watano walimwondolea Bemba ile miaka 18. Mawakili wake, wakiongozwa katika kesi ndogo na Melinda Taylor, wakasema basi na hii nayo imalizike, kwa sababu ameshakaa gerezani zaidi ya miaka minne tangu hati ya 2013, kwa kosa ambalo mwisho wake ni miaka mitano. Mwendesha mashtaka yeye aliomba miaka mitano kamili. Tarehe 17 mwezi wa tisa 2018 majaji walirudia mwaka mmoja na faini ileile ya Euro 300,000, na kifungo kikahesabiwa kuwa kimeshatumikiwa. Kilolo na Mangenda walipata miezi 11, ambayo walikuwa wamekwisha kuikaa kati ya 2013 na 2014.

Lakini wakati huo, huku nyumbani, mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Bemba alirudi Kinshasa tarehe 1 mwezi wa nane, umati ukampokea. Kabla mwezi haujaisha CENI ikaondoa jina lake kwenye orodha ya wagombea, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa Korti ya Katiba ikathibitisha. Sheria ya uchaguzi inamzuia mtu aliyehukumiwa kwa rushwa, na kununua mashahidi kukahesabiwa kuwa rushwa. MLC ilijibu kwamba ni makosa mawili tofauti, na kwamba sheria ya adhabu haipanuliwi kwa kufananisha. Kisheria hoja hiyo si nyepesi, kwa sababu kitabu chetu cha sheria ya penali kinaweka kununua mashahidi pamoja na ushahidi wa uongo, na rushwa ya watumishi wa serikali mahali pake pengine. Haikukubaliwa.

Rufaa ya mwisho ya Bemba juu ya adhabu ilikataliwa tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka 2019. Madai yake ya fidia ya zaidi ya Euro milioni 68 nayo yalikataliwa mwezi wa tano 2020. Mwezi wa tatu 2023 aliingia serikalini kama naibu waziri mkuu na waziri wa ulinzi.

Kwa wenzetu wa Mambasa waliokimbilia Beni mwishoni mwa 2002, wakati askari wa MLC na wa RCD-N walipopita katika vijiji vyao kwa ile operesheni iliyoitwa Effacer le tableau, niongeze jambo moja, kwa kuwa watu wanalichanganya: hakuna hata moja kati ya kesi hizi mbili za La Haye iliyohusu yaliyowapata. Ile faini ya Euro 300,000 iliamriwa iende kwenye mfuko wa CPI wa wahanga, ambao unasaidia wahanga wa nchi mbalimbali. Wale 5,229 wa Afrika ya Kati, baada ya Bemba kuachiliwa, hawakuwa tena na fidia ya kudai kwa mtu yeyote katika kesi hiyo.