Kutoka Sofi Hadi Dola: Kongo, Madeni na Fedha ya Kushirikiana

Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji, ufukweni mashariki mwa Ziwa Tanganyika, akakuta soko lenye fedha yake. Iliitwa sofi: shanga zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa sofi waliwapa wanunuzi na kupokea shanga za aina nyingine. Likifungwa, walizichukua tena sofi kwa wauzaji, wakapata faida kwa huyu na kwa yule. Upande wa magharibi, kuelekea Katanga, misalaba ya shaba ilipita mkono kwa mkono. Hakuna mfalme mmoja aliyezilazimisha fedha hizo. Zilipokelewa kwa sababu aliyezipokea leo alijua jirani yake atazipokea kesho.

Ukoloni ulipiga mstari katikati ya ziwa. Faranga ya Kongo ilizaliwa mwaka 1887 chini ya Mfalme Leopold II, na mwaka 1909 ikaanzishwa Benki ya Kongo ya Kibelgiji. Wabelgiji walipoitwaa Ruanda-Urundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, faranga ilikwenda nao. Ng'ambo, Waingereza walianzisha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, na shilingi ikatawala hadi Kigoma. Albertville, mji ambao leo ni Kalemie, ukawa bandari inayotazamana na fedha ya watu wengine. Kisha, Mei 1940, Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani, na koloni likalazimika kujitegemea kifedha. Faranga ya Kongo ilifungamanishwa na pauni ya Uingereza kwa faranga 176.625. Ilisimama imara, kwa kuwa vita vilihitaji shaba na bati, na Kongo ilikuwa navyo.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uliikuta hazina tupu, na ugomvi wa nani alipe madeni ya mkoloni haukumalizika hadi makubaliano ya Februari 1965. Ruanda-Urundi ilijitoa ikaunda benki yake. Katanga, jimbo la shaba chini ya Moïse Tshombe, ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, na mwaka uliofuata ikatoa faranga yake. Sarafu zake zilikuwa na ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, ule ule wa masoko ya mababu. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa historia hulipita haraka: aliyeitoroka fedha ya pamoja hakuwa mdaiwa aliyelemewa. Alikuwa tajiri aliyekataa kumbeba mdaiwa. Na hata huko Kaskazini mwa Katanga, Albertville ikiwemo, Waluba wengi walimpinga Tshombe na utawala wake. Januari 1963 utengano ulikwisha, na faranga yake haikuishi baada yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, Tanzania, Uganda na Kenya nazo ziliagana na shilingi yao ya pamoja, kila moja na benki kuu yake. Hilo lilikuwa suala la mipango ya maendeleo zaidi kuliko madeni.

Hoja ya madeni ilisikika baadaye Ulaya. Ugiriki ilipokaribia kutoka katika euro mwaka 2015, waliotaka itoke walisema hivi: nchi yenye fedha yake hushusha thamani, bidhaa zake zikawa rahisi ugenini, na deni likalipika. Zaire, yaani Kongo chini ya Rais Mobutu, ilikuwa imeinywa dawa hiyo mapema. Juni 1967 Mobutu alileta zaire moja kwa faranga 1,000, yenye thamani ya dola mbili za Marekani na kugawanywa katika makuta 100. Bei ya shaba iliporomoka miaka ya 1974 na 1975 wakati nchi imekwisha kukopa kwa miradi mikubwa, na mwaka 1976 Zaire ilikuwa Paris ikiomba kupangiwa upya malipo. Siku ya Krismasi ya 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na wananchi wakapewa siku chache za kubadilisha. Akiba ya wengi waliokuwa mbali na benki iligeuka karatasi. Septemba 1983 thamani ya zaire ilishushwa kwa asilimia 77.5. Lakini deni lilikuwa la dola. Ukilihesabu kwa zaire, liliongezeka zaidi ya mara nne kwa tangazo moja. Shaba nayo huuzwa kwa dola, kwa bei ambayo Kinshasa haiipangi, na kushusha thamani hakuchimbi hata tani moja zaidi.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Mashariki mwa Kasai, nchi ya almasi, watu waliikataa. Waliendelea kutumia noti kuukuu, ambazo serikali haikuweza tena kuziongeza, na kwa hiyo bei zao zilipanda polepole kuliko kwingineko. Nchi nzima mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 9,800. Nathubutu kusema kwamba Kasai ilitoa hoja yenye nguvu kuliko kitabu chochote cha uchumi: fedha isiyochapishwa ovyo, hata ikichakaa, huaminika.

Faranga ilirudi tarehe 30 Juni 1998, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukipiga hesabu, faranga hiyo moja ni trilioni 300 za faranga ya 1960. Januari 1999, katikati ya vita, Rais Laurent-Désiré Kabila alipiga marufuku biashara kwa fedha za kigeni. Dola zilijificha, bidhaa zikaadimika, na mwaka 2001 katazo likaondolewa. Mwaka 2010 wakopeshaji walisamehe deni la dola bilioni 12.3. Nchi haikuhitaji kuiacha dola ili kusamehewa.

Leo Kabimba, kusini mwa Kalemie, penye kiwanda cha saruji, na Kalemie yenyewe, mtu hupanga bei kubwa kwa dola na kununua mboga kwa faranga. Noti ya faranga iliyochakaa, iliyobandikwa gundi, hupokelewa. Noti ya dola ikiwa na mpasuko mdogo pembeni, kambisti, yaani mbadilisha fedha, huigeuza kwenye mwanga, kisha huirudisha. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na fedha moja iliyoahidiwa Kampala mwaka 2013 imesogezwa hadi 2031. Msimamo wangu ni kwamba Kongo isiifukuze dola kwa amri, wala isikimbilie fedha ya Jumuiya kabla hazina yake haijaonyesha, mwaka hadi mwaka, kwamba inaweza kulipa mishahara bila kuchapa noti. Watakaotia saini kwa niaba yetu waende kwanza sokoni Kalemie, wamuulize mama anayeuza dagaa anaweka akiba yake kwa fedha gani, na tangu mwaka gani.