Tuu-stroki ikivuja oili, anza na ekzosi kabla ya kupasua injini

Juzi nilikuwa ukweni Buyangu, kaskazini mwa mji wa Kakamega, pale ambapo msitu unakaribia milango ya watu. Shemeji yangu ana pikipiki kuukuu ya mipigo miwili, ile mafundi huita tuu-stroki, anayobebea maziwa kila alfajiri. Ilikuwa ikidondosha oili nyeusi, na kilima kidogo tu kinaishinda. Fundi alishamwambia silinda ichongwe na pistoni inunuliwe mpya. Pesa za kazi hiyo zilikuwa karo ya mtoto. Nikamwomba anipe siku moja.

Nayaandika haya kwa sababu injini za aina hii tunazo tele pwani, nyuma ya mashua za wavuvi wetu.

Ijue injini kwanza

Tuu-stroki haina oili inayolala chini ya krenki kama gari. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha, kisha huungua na kutoka na moshi. Mashine zisizo na pampu ya oili huchanganyiwa tankini. Nyingi za sasa hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa lita, au 100 kwa lita 5. Lakini kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Pikipiki kama Yamaha AG100 ina tanki la oili na pampu yake. Oili ya gia ni nyingine, nayo hukaa peke yake.

Inatoka wapi?

Osha injini, iache ikauke, ipake poda, iwashe dakika chache. Tazama poda inalowa wapi kwanza.

- Oili nyeusi, nzito, kwenye kiungo cha ekzosi: haijaungua vizuri. Ama oili imezidi, ama safari ni fupi za mwendo wa pole, ama gasketi ya ekzosi imechoka.
- Oili safi karibu na pampu: kagua mpira wa oili na vibanio vyake.
- Tanki la oili linapungua pikipiki ikiwa imelala, na asubuhi moshi ni mwingi: vali ndogo ya pampu haizuii.
- Moshi mzito na oili ya gia inapungua: sili ya krenki upande wa klachi.
- Injini inapanda mbio yenyewe na kuchemka: huenda sili ya upande wa magneto inavuta hewa. Zima mara moja. Hewa ikizidi, pistoni hushika.

Ekzosi na vali yake

Tuu-stroki nyingi hazina vali ya ekzosi. Pistoni yenyewe hufungua na kufunga tundu la moshi. Masizi yakijaa tunduni au ndani ya bomba, moshi hukwama na nguvu hupotea. Injini ikiwa baridi, fungua bomba, pandisha pistoni juu kabisa ili izibe tundu, kisha kwangua kwa kijiti cha mti, si bisibisi. Futa vumbi lote, weka gasketi mpya.

Baadhi ya pikipiki za mbio, na zile mashine za kutembelea theluji huko Kanada, zina kilango kinachopanda na kushuka kwenye tundu hilo. Yamaha hukiita YPVS, Rotax hukiita RAVE. Kikigandia chini kwa masizi, injini huanza vizuri lakini haifiki mbio za juu. Kikigandia juu, huwa dhaifu mwanzoni. Dawa ni kukitoa na kukisafisha, na kubadili mpira wake ukiwa umepasuka.

Ya shemeji iliishaje?

Poda ililowa kiungo cha ekzosi peke yake. Bomba lilikuwa limeziba kwa masizi hadi kidole hakipiti. Tulikwangua, tukaweka gasketi, tukarekebisha pampu iliyokuwa ikimimina kupita kiasi. Jioni ile alipanda kilima bila kushuka. Silinda haikuguswa, na karo ikalipwa.

Oili chafu tuliitia kwenye dumu. Mto Isiukhu uko chini tu, na watu wanakunywa maji yake. Nanyi wenye mashua, msiimwage baharini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza hakikisha ufa uko wapi.